Papa Éliézer Ngoy na Ngege wa Siku ya Upepo

Ndugu, jamaa na majirani, leo tunamsindikiza Papa Éliézer Ngoy, mtu wa maneno machache na vicheko vingi.

Alizaliwa Kongolo, ukingoni mwa Lualaba, tarehe 14 Machi 1957. Alisoma kwa mapadri hukohuko, akajifunza ufundi wa mitambo, na mwaka 1979 akaajiriwa na reli hapa Kalemie. Injini ikigoma, aliinong'oneza kwanza, ndipo akaifungua. Alistaafu mwaka 2017.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mama Bertille, binti wa Papa Aristide, mvuvi wa Moba. Hapo mtihani ukaanza. Katika ukoo wao, baba wa mke hagusi chakula nyumbani kwa mkwewe mpaka aandaliwe samaki wa siku hiyohiyo, aliyevuliwa na mkwe kwa mkono wake. Mzee alikuja kila Julai, upepo wa kiangazi ukiwa umepamba moto. Papa Éliézer, ambaye ziwa likitulia alijaza kikapu, siku hizo alirudi mikono mitupu. Mzee alikunywa maji, akaaga, akaenda kula kwa jirani. Jambo hilo lilimuuma sana Papa Éliézer. Alijiona mgeni ndani ya nyumba yake.

Kosa lake lilikuwa la mtu wa mtoni. Aliona mawimbi akadhani ni mkondo, akaachia mshipi mrefu uende nayo. Mama Bertille alivumilia, mwishowe akamcheka mumewe.

“Baba, hii si Lualaba! Upepo unapelekaka maji ya juu tu. Samaki iko palepale chini, inangojea chakula yenye mawimbi inaletaka kwa mawe.”

Kesho yake Papa Éliézer aliondoa boya, akafupisha mshipi, akafunga nati nzito ya reli ili ndoana ishuke wima. Mtumbwi akautia nanga mbele na nyuma usiyumbe, karibu na mawe yaliyopigwa na mawimbi, ambako wenzake wote walikuwa wamekimbia. Alirudi amelowa chapachapa, na ngege wa kutosha kikaango. Papa Aristide alikula mpaka akanyonya vichwa.

“Mutoto wangu njo huyu,” akasema, yaani huyu ndiye mwanangu.

Mungu aliwajalia binti mmoja, Syntiche. Alipoolewa na Steve wa Kabimba, Papa Éliézer akaishika desturi ileile, kwa mzaha lakini bila kulegeza. Steve alivua kila Julai na kuambulia baridi. Hata figo zilipomzidi Papa Éliézer mwaka huu wa 2025, akahamia kwa Steve na Syntiche kuuguzwa, uji wake ulitoka kwa Mama Bertille, ukiletwa kwa thermos. Baadaye hata huo akaukataa.

Ndipo Steve akaomba ile nati. Upepo ulikuwa unaezua mabati. Akarudi akitetemeka, na ngege mmoja mdogo. Papa Éliézer alijiinua kitandani, akadai chumvi, akamla hadi mkia. Akamshika Steve mkono.

“Mutoto wangu njo huyu.”

Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 2 Agosti, usingizini.

Ameacha mjane, Mama Bertille. Binti yake Syntiche. Mjukuu wake Elysée. Na Steve, ambaye hatumwandiki tena kama mkwe.

Lala kwa utulivu, Papa. Umeondoka umeshiba, na umeshibia kwa mwanao.