Sponji ya Tangi la Pili

Mgeni rasmi, Mama Rekta, mkuu wa chuo chetu; walimu wetu; wanafunzi; na wewe Rosette, kama umekubali kuja na umekaa huko nyuma:

Amani iwe nanyi. Sisi wanawake kumi na mmoja tunaofanya usafi katika jengo la biolojia tunakukaribisha, Mama. Tumezoea wageni wanaopita juu ya kazi yetu bila kutuona. Wewe umeomba kutusikia, nasi tumeona tusikupotezee dakika zako kwa maneno matamu.

SISI NI NANI

Wengi wetu ni wa hapa Kamenge, wawili ni wa Jabe. Shule ya msingi aliyeimaliza ni mmoja tu, Saliha, mwenyekiti wetu. Lakini mtu akipiga deki miaka tisa mbele ya milango ya madarasa, masikio nayo yanasoma. Tunajua kwa nini ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wamepungua. Maji ya juu ya ziwa yakizidi joto yanakuwa mepesi, yanalala juu kama mafuta kwenye mchuzi, hayachanganyiki na ya chini, na chakula kilichozama hakipandi tena. Tunajua kwamba ndani ya ubongo habari inapita kwenye nyuzi, na kila mwisho wa uzi inavuka mwanya mdogo kwenda uzi mwingine. Na njia inayopitwa kila siku inazidi kuwa rahisi kupitwa.

Masomo hayo tumeyapata vipande vipande. Korido ina mwisho wake, na ndoo lazima isogee.

Aliyeokota vipande vingi kutushinda ni mwenzetu Sijaona. Risala hii ni yetu sote, lakini habari yake ni ya Sijaona. Mwenyewe ametuomba tuiseme, maana akisimama mbele ya wakubwa sauti inamkauka.

TULIYOYAFANYA

Kuna chumba chenye matangi mawili ya kioo. Mwalimu Salvator na wanafunzi wake walitia tilapia wadogo arobaini kila tangi. La kwanza lina joto la ziwa lilivyo leo. La pili limeongezwa joto kidogo, kama ziwa litakavyokuwa watoto wetu wakizeeka. Walitaka kujua samaki watastahimili vipi.

Mtunzaji wa zamani wa matangi alipougua, Sijaona ndiye aliyewalisha samaki miezi mitatu. Hakuna aliyemtuma. Alijua yupi anakula kwa haraka na yupi anajificha nyuma ya bomba. Mzee huyo alipostaafu, Sijaona alinunua kitambaa cha kichwa kipya, akangoja aitwe kushika kazi ile.

Aliyeitwa ni Rosette. Ana miaka ishirini na mbili, na diplome.

Mama Rekta, wivu haukumwingia Sijaona kwa kishindo. Uliingia kwa salamu. Kila asubuhi wanafunzi walipita, "Bonjuu, madmazeli Rosette!" Halafu kwa Sijaona, hatua mbili mbele: "We mama, pisha kidogo."

"Mutoto wa juzi anaitwa madmazeli," alituambia mchana tukila maharage. "Mi miaka tisa naitwa we mama."

"Sasa unataka wakuite profesa?" Saliha alimjibu. "Nunua miwani basi!"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Donge lilikuwa limemkaa kooni, na kila siku lilipita njia ileile mpaka likawa haliulizi tena njia. Rosette akivaa bluzi, lile koti jeupe la maabara, Sijaona anaumwa roho. Rosette akifungua chumba kwa ufunguo, Sijaona anaumwa roho. Hata wema wa binti yule ulimchoma.

"Da Sijaona," Rosette alimwuliza siku moja kwa adabu, "hawa wadogo ulikuwa unawapa chakula mara ngapi?"

"Si uko na diplome? Uliza diplome yako."

Rosette aliinamisha kichwa, akaenda. Sisi tulikuwapo. Wengine tulifurahi.

TATIZO

Ijumaa moja Rosette alitoka kwenda kusali misa ya mchana, akaacha chumba wazi ili Sijaona apige deki. Sijaona akafunua chujio la tangi la pili. Sponji yake ilikuwa ya kahawia, inateleza kama kamasi. Moyo ukamruka kwa furaha. Kumbe madmazeli ni mchafu!

Mtu mwingine angekwenda kumsema kwa mwalimu. Sijaona ni mtu wa usafi, na mtu wa usafi akitaka kumwaibisha mwenzake anasafisha. Aliifua ile sponji kwa sabuni na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, akaisuuza mara kumi mpaka harufu ikaisha, akairudisha nyeupe kama pamba. Alitaka Mwalimu Salvator aione, aulize nani kafanya kazi nzuri hivi. Alikuwa akishika sponji ya tangi la kwanza aliposikia viatu vya Rosette, akaiacha.

Mwalimu hakuiona. Jumanne samaki wa tangi la pili walikuwa juu ya maji wakihema. Rosette aliwabadilishia maji, akapunguza joto, akakaa nao mpaka wakamfukuza ili wafunge jengo. Alhamisi tulitoa maiti thelathini na saba kwa beseni.

"Diplome imepika samaki!" mmoja wetu alisema, nasi tukashikana mabega kwa kicheko.

Kazi ya miezi mitano ya wanafunzi ilikwisha pale. Rosette aliulizwa, akasema hajui, na ni kweli hakujua. Akavuliwa bluzi, akaambiwa angoje nyumbani barua ya kufukuzwa. Bluzi na ufunguo akapewa Sijaona avishike kwa muda.

Wiki tatu zilizopita, Mwalimu Salvator aliwaleta wanafunzi wapya mbele ya matangi. Safari hii Sijaona hakuwa na ndoo ya kusogeza. Alisimama ndani, kama mtunzaji, akasikia somo kutoka mwanzo hadi mwisho. Taka za samaki ni sumu kwao wenyewe, alisema mwalimu. Kinachowaokoa ni viumbe wadogo wasioonekana, wanaokaa kwenye ute wa kahawia wa sponji na kuigeuza ile sumu. "Ukiona sponji chafu, usiiogope," aliwaambia. "Ukiiua kwa dawa, samaki hawafi leo. Wanakufa baada ya siku chache, na maji yakiwa ya joto sumu inazidi ukali."

Sijaona alikuja kwetu moja kwa moja. Akatueleza yote.

"Nyamaza," mmoja wetu alimwambia. "Bluzi unayo, ufunguo unao. Unatafuta nini tena?"

"We, usituingize," akasema mwingine. "Wakisikia mutu wa deki ameua samaki, watatufukuza sote."

"Juzi nilimuona Rosette kule Jabe," Sijaona akasema. "Anauza mandazi kwa mama yake mudogo. Alinisalimia. Akaniuliza kama wale watatu waliobaki wanakula vizuri."

Saliha akasukuma sahani yake kando. "Mi pia nilicheka," akasema. "Tuandike."

MAOMBI

Mama Rekta, tulikuwa na maombi ya glavu, mabuti, na mahali pa kubadilishia nguo. Tumeyaacha. Leo tunaomba barua ya Rosette isitiwe saini, arudishwe kazini, na wanafunzi waambiwe mbele ya wote kwamba kosa halikuwa lake.

Kuhusu Sijaona, hatukufundishi la kufanya. Tunaomba tu utakapomhukumu ujue kwamba alifua sponji peke yake, lakini wivu tulimlisha sisi kila mchana, kwa kijiko.

Mwenyewe amesimama mlangoni, ameshika ufunguo. Hataki kumpa Saliha wala wewe, Mama. Anataka kuuweka mkononi mwa Rosette. Rosette akikataa kuupokea kutoka mkono ule, atauweka mezani, na hatamlaumu.

Ametuomba tuandike na hili, tukabishana naye, akashinda: wivu haujamtoka. Rosette akirudi amevaa bluzi ile, bado roho itamwuma, labda kesho, labda mwaka mzima. Hatukuja kukuambia kwamba amepona. Tumekuja kukuambia kwamba mwenye kosa ni yeye.

Mungu akuzidishie subira, Mama, akipe chuo hiki haki na ziwa letu uhai. Aliyepoteza arudishiwe.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake wa Usafi, Jengo la Biolojia,
DUKORERE HAMWE (Tufanye Kazi Pamoja)
Kamenge, Bujumbura