Moto Alioacha Jeruto

CHEMUTAI: Haloo? Haloo? Ni nani huko ndani?

JERUTO: Ni mimi.

CHEMUTAI: Mimi nani? Karani Ogola ametuma watu waniite mbio, nikadhani kuna msiba.

JERUTO: Ni Jeruto, mke mwenzako. Niko hospitali, Nakuru.

CHEMUTAI: Jeruto! Mbona sauti imekuwa nyembamba hivyo?

JERUTO: Imepita kwenye waya. Hamjambo huko?

CHEMUTAI: Hatujambo. Ng'ombe hawajambo. Na wewe—

JERUTO: Usipige kelele. Kwa kelele hizo ningekusikia hata bila simu.

CHEMUTAI: Ogola anasema nimeishika juu chini. [Anaigeuza.] Na sasa?

JERUTO: Sasa unasikika kama mtu.

CHEMUTAI: Macho yamefunguliwa?

JERUTO: Bado. Daktari yuko tayari kuyapasua tangu asubuhi. Nimemwambia angoje, kwanza niulize ya nyumbani. Ndipo nesi Chelangat akanishika mkono akanileta huku ofisini. Ni mtoto mzuri. Kila asubuhi ananichana nywele.

CHEMUTAI: Nywele zipi?

JERUTO: Hizo hizo. Ukutani kuna picha ya malkia mpya, ananiambia ni mzuri. Mimi naona kitu cheupe tu.

CHEMUTAI: Na chakula je?

JERUTO: Laini. Lakini nyumba nzima hii haina meko, Chemutai. Wagonjwa wote hawa, na hakuna hata jiwe la kuota moto.

CHEMUTAI: Hawa watu wanawezaje kupona?

JERUTO: Hata mimi nimeuliza. [Waya unakwaruza.] Chemutai.

CHEMUTAI: Ee.

JERUTO: Moto wangu unawaka?

CHEMUTAI: Mvua imenyesha sana huku Solai.

JERUTO: Nimeuliza moto.

CHEMUTAI: Mahindi ya mzungu yamelala chini yote. Amesimama shambani tangu jana na kofia yake mkononi, hata mimi nimemhurumia—

JERUTO: Unawaka au hauwaki? Chemutai? Mbona hujibu?

CHEMUTAI: Nimejibu. Nimetikisa kichwa.

JERUTO: Hata ningekuwa mbele yako nisingeona. Kimetikisika kwa ndiyo au kwa hapana?

CHEMUTAI: Katikati.

JERUTO: Unajua alivyosema mama mkwe. Mwenye nyumba akisafiri, na moto wake ukazimika nyuma yake, harudi.

CHEMUTAI: Mama mkwe alisema mengi. Alisema pia mimi sitazaa.

JERUTO: Ukazaa mpaka akachoka kubeba.

CHEMUTAI: Basi!

JERUTO: Lakini la moto alilisema mara nyingi zaidi. Mimi sina haraka na kisu cha mtu. Kama umezimika niambie, nirudi leo hii na giza langu, nife nikiwa kwangu.

CHEMUTAI: Ulizimika.

JERUTO: Haya.

CHEMUTAI: Ni ile mvua ya mawe. Paa lako lilivuja juu ya mafiga hasa, kama lililotumwa. Mwanao Kemboi aliahidi kuliziba tangu masika ya kwanza.

JERUTO: Kemboi huahidi vizuri.

CHEMUTAI: Nikakuta majivu yanaelea. Nikachutama nipulize. Unajua mimi nikichutama, kuinuka ni kazi ya ukoo mzima. Nikapuliza mpaka jino likalegea.

JERUTO: Lipi?

CHEMUTAI: Lile.

JERUTO: Pole. Lilikuwa limebaki peke yake.

CHEMUTAI: Bado lipo, limelegea tu. Basi nikaenda kwangu, nikachota makaa, nikayaleta kwenye kigae. Sasa unawaka. Na siliamini tena paa lile, kwa hiyo nalala huko huko kwako, niuangalie.

JERUTO: Unalala kwangu?

CHEMUTAI: Kitanda chako ni kigumu.

JERUTO: Hujawahi kulala kwangu tangu uolewe.

CHEMUTAI: Hukunikaribisha.

[Waya unakwaruza.]

JERUTO: Asante kwa makaa. Umetoka mbali kwa magoti hayo. Lakini huo ni moto wa mama yako. Maisha yako yote unatuambia uliubeba kutoka kwenu siku ya harusi, na haujachanganyika na wa mtu. Wangu umekufa, Chemutai. Mwambie Kemboi aje anichukue.

CHEMUTAI: Ngoja.

JERUTO: Aje na lile blanketi—

CHEMUTAI: Ngoja, mwanamke! Ogola, hebu toka nje kidogo. Toka, baba. Na mlango. [Mlango unafungwa.] Ule wa mama ulizimika zamani.

JERUTO: Zamani lini?

CHEMUTAI: Kabla ya reli. Mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa tauni. Nilikuwa nimelala na homa, siwezi kuinua mkono, mwanangu Kiprugut analia. Na wewe na mimi tulikuwa hatusalimiani.

JERUTO: Kwa sababu gani?

CHEMUTAI: Mimi naikumbuka, lakini tuiache. Ukaingia na kigae cha makaa. Ukawasha moto, ukamwosha mtoto, ukamnywesha uji, ukatoka. Hukusema neno. Nilipopona ukanipita mtoni bila salamu, kama kawaida.

JERUTO: Mimi?

CHEMUTAI: Wewe.

JERUTO: Sikumbuki hata kidogo.

CHEMUTAI: Najua. Ungekumbuka, ungekuwa umenitajia kila siku.

JERUTO: Hiyo ni kweli.

CHEMUTAI: Sijauacha uzimike tangu wakati ule. Tulipohamia huku kwa mzungu niliubeba njia nzima, nikaungua mkono. Kwa hiyo nilichokuletea juzi si cha mama yangu. Ni chako. Nimekirudisha tu.

JERUTO: Kigae kipi?

CHEMUTAI: Kile cha chungu chako kilichopasuka. Ninacho bado. Ndicho nilichobebea.

[Waya unakwaruza.]

CHEMUTAI: Jeruto? Umekata?

JERUTO: Niko. Nimetikisa kichwa.

CHEMUTAI: Kwa ndiyo au kwa hapana?

JERUTO: Chelangat, mwanangu, kamwambie daktari nakuja. Ndiyo, sasa hivi.

OPERETA: Nakuru, muda umekwisha. Malizeni.

CHEMUTAI: Nani huyo?

JERUTO: Mtu wa waya. Chemutai, sikiliza, nikirudi nikiwa naona—

CHEMUTAI: Utanikuta nimezeeka. Usishtuke.

JERUTO: Wewe kaa karibu na moto, nitakutambua.

CHEMUTAI: Moto wa kwako au wa kwangu?

OPERETA: Mama, nakata.

JERUTO: Wa kwe—

CHEMUTAI: Haloo? Haloo, Jeruto? Ogola! Ingia, baba. Hiki chako kimezimika. Nipe mkono niinuke, nina moto wa kuangalia.