Maua ya Rosalia Quidachay

Benchi la Santa Rita, kisiwani Guam, limeegemea ukuta wa duka la bibi mzee, Tan Engracia, na anayelikalia huziona kwa pamoja bahari, manowari na ua wa waya wa kambi ya wanamaji wa Marekani. Asubuhi hiyo karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni: siku ya kuingia makaburini, ndani ya kambi, imeahirishwa kwa sababu za usalama. Mzee wa kijiji, Tun Isidro Quidachay, aliisoma mara mbili, kisha akaketi na ndoo ya maua magotini. Mara moja tu kwa mwaka geti lilifunguliwa kwa waliozaliwa kule ndani kabla hakujawekwa waya. Walisali misa, wakafyeka majani, wakala chakula kando ya wafu wao. Yeye alikuwa na miaka themanini na mitatu, na mama yake alikuwa amezikwa humo.

— Manowari nne mpya, alisema Vicente Mesngon kando yake, aliyeitwa Rada kwa sababu ya darubini yake. Hiyo ni vita na China tu, hakuna kingine.

— China gani, wewe? Gregorio Taimanglo alisukuma tambuu shavuni. Aliwapikia maadmirali miaka ishirini na miwili, ndiyo maana wakamwita Jenerali. Usihesabu meli, aliendelea, hesabu mayai! Jana yameingia malori matatu ya mayai. Admirali anayekwenda vitani haagizi mayai, anaagiza makopo.

— Sasa geti wamelifungia nini?

— Wanapima kisiwa. Wanataka kukisogeza.

— Kukisogeza wapi, bwana wee?

— Karibu na California. Wapunguze gharama ya mafuta.

Rada alishusha darubini, akafikiri.

— Tukifika huko si na sisi wa Guam tutaruhusiwa kupiga kura ya rais?

— Ndiyo maana wamekwama!

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Tun Isidro naye alicheka kidogo.

— Na makaburi mtayasogeza nayo? aliuliza.

Jenerali alimmiminia kahawa kutoka kwenye chupa.

Wakati huo binti mmoja mwanamaji alitoka dukani na mfuko wa barafu. Kifuani pa sare yake paliandikwa jina Dvorak. Aliitazama ile ndoo, akauliza maua yalikuwa ya nani. Rada akamweleza yote, akaongeza na China.

— Poleni, wazee wangu. Mimi zamu yangu iko kulekule. Kila asubuhi napita pale makaburini. Nikupelekee hayo maua?

Tun Isidro akainuka taratibu.

— Rosalia Taitague Quidachay. Safu ya tatu kutoka baharini, msalaba wa saruji, umevunjika mkono wa kushoto. Hebu rudia.

Dvorak alirudia. Mzee alimrudishia jina hilo mara tatu, mpaka likakaa sawa mdomoni mwa binti. Ndipo akampa ndoo.

Binti aliikumbatia, akapiga hatua mbili, akageuka.

— Kwetu Nebraska tukimpelekea bibi maua huwa tunampasha na habari. Nimwambie utakuja lini, mzee?

Tun Isidro alimgeukia Rada. Rada aliielekeza darubini baharini, akaizungusha, akaishusha. Mzee akamgeukia Jenerali. Jenerali aliitikisa chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu.

— Mwambie nipo hapa nje, alisema Tun Isidro.