Pistoni Kwenye Mkeka wa Kakao

Uvumi uliniganda tangu sokoni Kyela: kuna kakao imekataliwa, inanuka petroli. Ndani ya Noah ya abiria ya kwenda Matema, mzee mmoja akawa anamhadithia jirani yake, mama mwenye mkungu wa ndizi. "Kijana anafufua injini ya gari la zamani la mashindano, nyumbani kwao. Kaosha pistoni kwa petroli, kazianika kwenye mkeka wa kakao!"

"Jamani tata, baba yangu! Mama yake alikuwa wapi?"

"Si ndiye aliyemtandikia!"

Mama wa kijana huyo ni mimi. Nilicheka kuliko wote, nisijulikane. Noah iliposimama nikashuka, ingawa kwangu kulikuwa bado mbali.

Wazazi wenzangu, msianike vyuma na kakao. Msitoe mkeka kabla ya kuuliza wa nini. Msichanganye gunia linalonuka na lililo safi mkidhani harufu itapungua. Sasa yananuka yote mawili.