Mfano wa Mama Mmoja

Wapendwa, Sabato njema. Nimepewa dakika kumi, na mnanijua, mimi nikishika kipaza sauti sikirudishi mapema. Leo nitajitahidi. Ninachosimulia ni aibu yangu mwenyewe, na aibu haitaki maneno mengi.

Wengi mnajua nilikuwa kule Osiri, kwenye kampuni moja ya dhahabu. Jina lake halina kazi hapa. Nilishughulikia mambo ya wafanyakazi: likizo, sare, malalamiko. Siku moja wakubwa wakasema kila mfanyakazi lazima afundishwe haki za binadamu. Nikapelekwa Kisumu wiki nzima kujifunza namna ya kufundisha. Nikarudi na chati, kalamu za rangi na maringo. Kule tuliambiwa, ukitaka watu waelewe, toa mfano wa hapo hapo kazini kwao.

Sasa, kulikuwa na mama aliyetupikia. Mama mpole, mkubwa kwangu, akiniita nyathina, yaani mwanangu, kana kwamba alinizaa yeye. Siku chache kabla ya mafunzo alikuja ofisini, akafunga mlango, akaniambia alichofanyiwa getini na walinzi wakimpekua. Kwenye dhahabu hakuna anayetoka bila kupekuliwa, hata mpishi. Alichofanyiwa sitakisema. Naona wengine mnasogea mbele kwenye viti. Rudini nyuma, sitakisema. Alilia kidogo, akajifuta na leso yake, akasema, "Nimekuambia wewe peke yako." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Siku ya mafunzo ikafika. Ukumbi wa mabati, joto, nami nimetundika chati zangu. Wanaume wa mgodini walikuwa wametoka zamu, wengine wanasinzia, na mmoja alikoroma kabisa. Roho iliniuma. Nikasema, "Haya, niwape mfano wa hapa hapa. Kuna mama mmoja anayepika, simtaji jina." Nikasimulia yote. Ukumbi ukaamka, ndugu zangu, na nawaambia ukweli, nilisikia utamu.

Jina sikulitaja. Lakini jikoni palikuwa na mama mmoja tu.

Nikaona vichwa vinageuka kuelekea mlangoni, nami nikageuka. Alikuwa amesimama pale na chupa kubwa ya chai, maana saa nne ilikuwa imefika. Akaingia. Akamimina chai kikombe baada ya kikombe. Aliponifikia akanimiminia na mimi. "Karibu chai, madam," akasema. Nyathina ilikuwa imekwisha.

Kesho yake hakuja kazini. Hakurudi tena.

Tangu siku hiyo niliuacha mlango wa ofisi wazi, na hakuna aliyeingia. Watu walipita wakiangalia upande wa pili. Nikiketi kula chakula cha mchana, wenzangu wanakumbuka kwamba wana haraka. Kwenye chumba nilichopanga nilikuwa nikisonga ugali wa watu watatu, kwa mazoea ya nyumbani, halafu naula siku mbili peke yangu. Hata hapa kanisani nilikuwa nakuja naketi benchi la nyuma, natoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mlidhani nina zamu. Sikuwa na zamu yoyote. Nilijiambia wakosaji ni wale walinzi, na ni kweli walikosa, lakini hilo halikunipa usingizi.

Baada ya miezi kadhaa nikasikia anauza chai na mandazi sokoni Kosele. Nikaenda siku ya soko, nikaketi kwenye benchi lake. Akanipa chai, hakuniuliza habari. Soko lililofuata nikarudi, ikawa vile vile. La tatu, watu walipopungua, nikamwambia, "Mama, nimekosa. Niruhusu nikakuombe msamaha mbele ya wale wote walionisikia."

Akaendelea kuosha vikombe. "Ili wanigeukie tena?"

Nikaweka kikombe changu chini.

"Wale wa getini sikuwachagua, madam," akasema. "Wewe nilikuchagua."

Wapendwa, hapo ndipo nilipojua nimeanguka kutoka wapi. Nililia mbele ya mandazi ya watu. Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Akasema, "Tengeneza geti. Mimi niache."

Nikarudi Osiri. Niliwasumbua wakubwa mpaka wakaanza kunikwepa: nilitaka pale getini kuwe na chumba chenye mlango, na wanawake wapekuliwe na mwanamke. Sikutoa mfano wa mtu yeyote. Ilichukua muda, lakini chumba kilijengwa. Wafanyakazi waliendelea kuninunia, nami sikujitetea, kwa sababu ningejitetea vipi bila kumrudisha yule mama katikati ya mazungumzo?

Kisha siku moja mzee wa mitambo alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi. "Madam, nikikuambia jambo, litaenda ukumbini?" Nikamwambia, "Haliendi popote mpaka wewe useme." Akanitazama sana. Halafu akafunga mlango, akavuta kiti, akaketi. Nilijifanya natafuta kalamu ili asiyaone macho yangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mzee yule. Na kuna dada hapa ndani aliyekuwa akihama kiti chake kila Sabato kuja kuketi nami benchi la nyuma, bila kuniuliza lolote. Unajijua. Ahsante.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikupa habari yake, amekupa uiweke, hajakupa uigawe. Hata kwenye maombi, akina mama. "Tumwombee dada mmoja, simtaji, yule ambaye mume wake yuko Migori..." Mnacheka kwa sababu mnajua.

Jana nilimpigia simu yule mama. Nilimweleza kila neno nitakalosema leo, hadi lile la chai. Kisha akasema, "Waambie, nyathina. Lakini soko ubadilishe, na kile ninachouza pia."

Nimebadilisha. Kwa hiyo msiende kumtafuta Kosele.