Kipande cha Chini ya Kisima

Sogeeni, wanangu. Mlango uachwe wazi nipate hewa, na anayelia alie taratibu, maana sauti iliyobaki ni kidogo na sitaki kuigombania na mtu. Mkubwa wangu, kaa hapa miguuni nikuone uso. Ndugu yenu, mtoto wa marehemu baba yenu mkubwa, nimemwita mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji nimemwita awe shahidi, kwa hiyo asiulize mtu wamefuata nini.

Nyumba hii na shamba la mahindi ni vya mkubwa na mdogo wake, mgawane kwa kamba, si kwa kukadiria kwa macho, maana macho ya mgawaji huwa na njaa. Cherehani na mbuzi ni vya binti yangu, na ufunguo wa pampu aushike yeye, kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayesikia pampu ikikohoa kabla haijaugua.

Sasa kipande cha chini ya kisima, kule mteremkoni. Mwili umeugua, masikio hayajaugua. Nimewasikia barazani mkisema mama akishafumba macho mtakirudisha kutoka kwa ndugu yenu huyu, kwa kuwa hakina karatasi, mjenge vyumba vya kupangisha. Sikilizeni basi kilivyotoka mkononi mwangu.

Nilipoolewa hapa nilikuta baba yenu na kaka yake wameshachimba kisima, na maji yake yalikuwa maangavu, matamu, mtu angeapa hayana kasoro. Lakini kila masika watoto wa nyumba zote mbili waliharisha. Tukasema ni matunda mabichi, tukasema ni meno, tukasema ni jicho la watu. Masika moja ikamchukua dada yenu ambaye hamkumkuta. Alikuwa ameanza kusimama dede. Na baada ya baba yenu kufariki, masika nyingine ikamlaza huyu mkubwa wangu, nikaona nikikaa kimya nitazika tena.

Nikaenda zahanati, nikamleta bwana afya. Akachota maji akaenda kuyapima, akarudi, akauzunguka uwanja, akasimama mbele ya choo cha shemeji, huyo kaka wa baba yenu, kilichokuwa mteremkoni juu ya kisima, akasema mvua ikinyesha shimo linajaa, na uchafu unashuka ndani ya ardhi mpaka kwenye maji tunayokunywa. Shemeji akamjibu, “Choo hiki alikichimba marehemu baba. Sikifukii kwa maneno ya mtu aliyekuja leo na pikipiki.” Tangu hapo hakunisalimu, na watoto wake akawakataza kucheza na wangu.

Niliwaka, wanangu. Nilikuwa nimeshajifunga kanga niende kumshtaki, ndipo mkewe akanijia nikiwa nafua, akasema kwa sauti ya chini, “Mwenzangu, si kiburi. Hana pa kuchimba. Kwetu kila anapopiga sururu ni mwamba.” Mficha maradhi kilio humfichua, na yule mwanamume alikuwa anaficha uhaba wa ardhi nyuma ya jina la marehemu.

Basi nikaenda kwake asubuhi, jembe begani. Nikamwambia, “Shemeji, kipande changu cha maharage kiko chini ya kisima, na udongo wake unachimbika. Kuanzia leo ni chako. Twende tukachimbe.” Akalitazama jembe, kisha akasema, “Lete hapa. Huwezi kuchimba nami nimesimama.”

Watu walitucheka, wakasema mjane ametoa shamba zuri lijengwe choo. Tukawaacha wacheke. Shemeji alichimba, mkewe na mimi tukabeba udongo, na wewe mkubwa wangu, japo ulishapita umri wa kubebwa, ulikuwa mgongoni mwangu, bado umelegea kwa ugonjwa. Tukakijenga kina mlango na mfuniko, na nje tukaweka ndoo ya bomba na sabuni. Shimo la zamani tukalifukia, kisima kikafunikwa kwa zege na kuwekwa pampu, na maji tukayachemsha mpaka bwana afya aliporudi akasema sasa yamekuwa salama. Masika ikaja, ikapita. Hatukuzika mtu.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Mimi nawaambia maji machafu huimaliza damu hiyo hiyo. Mkimnyang'anya ndugu yenu kipande hicho, mwamba wa kwao haujalainika. Atarudi kuchimba juu ya kisima, na watakaokunywa ni wajukuu zangu. Mkubwa wangu, hizo mvi zako umeziota kwa sababu ya choo cha baba yako mkubwa. Usikionee haya.

Kwa hiyo kipande ni chake, yeye na kizazi chake, na mwenyekiti amesikia.

Nipeni mto... hapo, inatosha.

Mimi msinizike kando ya baba yenu kule juu ya kisima. Wakati ule hatukujua kuwa kinachozikwa juu hushukia kwenye maji; sasa tunajua. Nizikeni chini, mpakani na kipande hicho, na wakisema mama wa watu amelazwa karibu na choo, waambieni kwamba majirani hao nimewachagua mwenyewe. Na matangani asiguse mtu chakula kabla ya kunawa, hata awe mkwe.

Mkubwa wangu, vigingi viko nyuma ya mlango. Nendeni, wewe na ndugu yako huyu wa baba mkubwa, mkavipigilie mipakani sasa hivi, nikiwa bado nasikia. Usinitazame hivyo. Nenda, baba.

Binti yangu, nishike mkono. Mungu awape watoto watakaowazika ninyi, msiwazike wao. Awape... maji safi na mioyo isiyo na kinyongo. Radhi zangu mnazo, wote, na yule mtoto wa shemeji pia.

Nyamazeni kidogo.

Hicho kigingi kimoja. Na kile... kile ndicho cha mkubwa wangu, anapiga kwa nguvu kama baba yake mkubwa.

Mwambieni... apigilie mpaka mwisho. Nasikia.