Mbwa Anayeogopa Mto

Ukishuka stendi ya magari ya Kulamawe mjini Isiolo, usiulize kahawa ya Asho iko wapi, fuata kelele. Pana ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na juu yake wamekaa wanaume watatu ambao hakuna jambo la dunia wasilolijua. Mahat huitwa Daktari, kwa sababu aliwahi kuuza dawa ya minyoo ya mbuzi. Shire ni Meja, ingawa aliyekuwa askari ni babu yake, na hata huyo hakuufikia umeja. Ekeno ni Nahodha, kwa kuwa alizaliwa karibu na Ziwa Turkana. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika, barabara matope matupu, Umuro akaja uso umemshuka, mbwa wake Sajini akimfuata nyuma.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam. Umuro, kwani umefiwa? akauliza Meja.

— Bado. Kesho jamaa wa Kinna anakuja kuchukua hii mbwa. Ati ichunge vitunguu yake.

Akawaeleza. Nyasi zilikuwa zimebaki ng'ambo ya mto tu. Kila asubuhi mbuzi wake huingia majini, pale katikati wakaogelea kidogo, na mkewe Asli nyuma yao. Sajini hubaki ukingoni akilia. Juzi fisi alibeba mwanambuzi mchana kweupe, Sajini akitazama kutoka upande wa pili. Asli akakata shauri: mbwa wa upande mmoja wa mto ni mgeni tu, aende kwa wenye mashamba.

— Si umbebe? akasema Daktari.

— Nimembeba. Ona.

Umuro akapandisha mkono wa shati. Makucha yalikuwa yamepita humo kama reki.

— Na nikimbeba leo, kesho nani atambeba?

Ambalo hakulisema ni kwamba usiku uliopita hakulala. Isiolo mwanamume anaweza kumlilia ngamia wake mbele ya watu, na watu wakampa pole. Lakini mbwa? Ukimlilia mbwa watakupa jina, nalo jina hilo utazikwa nalo. Kwa hiyo Umuro aliagiza kahawa.

Sajini akajilaza hatua chache kutoka benchi. Asho, aliyekuwa akisuuza vikombe, akachota maji ya beseni akamrushia.

— Chuu! Toka! Watu wanaenda kuswali, hatutaki mate hapa.

Mbwa akaruka, akajikung'uta, akarudi kulala mbali kidogo. Hakuna aliyegeuza kichwa.

— Shida ni masikio, Daktari akaanza. Mbwa anasikia mpaka samaki wakipumua. Mtilie samli kwa masikio, atavuka akiimba.

— Huu mto wetu uko na samaki gani? akauliza Nahodha. Huyo anaogopa ile mbwa ingine anaona ndani ya maji. Sisi watu wa ziwa, mbwa tunatupa katikati, basi. Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Nilimtupa, akasema Umuro. Akaona ufuko. Akarudi kwa huo ufuko, na siku mbili hakunisogelea.

Meja akakohoa kikubwa.

— Hamjui kitu. Babu yangu akiwa Burma aliona mbwa wa jeshi wanavuka mto na risasi zinalia juu. Siri ni amri. Wewe umemwita Sajini, halafu unamwamuru kwa Kiborana! Sajini anachukua amri kwa Kiingereza.

— Na mbuzi zinavuka kwa Kiingereza? akauliza Asho, akirusha maji mengine. Chuu!

— Mbuzi ni raia.

— Ngojeni, akasema Daktari. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sasa mbwa atavua nini? Hana nguo! Ndiyo maana haogi. Mvalishe shati kwanza, ukimvua, ameingia kwa sheria.

— Mwingize kinyumenyume, akasema Nahodha. Mkia mbele. Akiangalia, anaona anatoka. Hatajua anaingia mpaka afike ng'ambo.

Hata Umuro alicheka.

Gari la Kulamawe lilikuwa limefika. Mwanamke mmoja, Naimo, alisimama kwa Asho anywe kahawa huku begi lake likishushwa kutoka juu ya gari. Asho akarusha maji tena. Naimo akavuta pindo la gauni lake la dira lisilowe, akamtazama Sajini akikimbia.

— Samahani wazee, akasema. Huyu mbwa anakunywa maji wapi?

— Anakunywa... Meja akasita. Mbwa si anakunywa tu?

— Nyumbani, akasema Daktari, akimtazama Umuro.

Umuro akafungua kinywa. Nyumbani Sajini hupewa maziwa yaliyokatika na ukoko wa ugali. Maji? Asli akitaka atoke mlangoni humwagia. Watoto wa jirani humrushia. Hapa kijiweni ndiyo hayo. Tangu alipokuwa mtoto, maji kwake yalikuwa fimbo, naye Umuro akataka aingie katika mto mzima wa fimbo.

— Sijui, akasema.

Begi likashuka. Naimo akalipia kahawa, akaaga, akaenda zake.

— Na kumnywesha mbwa ni thawabu, Asho akasema polepole. Madrasa tulifundishwa sote.

Akachukua jerikeni kuukuu, akalikata kwa kisu.

— Hii isirudi kwa vyombo yangu.

Akamimina maji taratibu, bila kelele. Umuro akaliweka chini, akachuchumaa, akatia mkono ndani.

— Kuja, Sajini. Kuja, baba.

Mbwa akarudi nyuma. Nahodha akataka kutoa ushauri, Meja akamfinya. Kahawa zikapoa. Mwishowe Sajini akaja, tumbo likiburura chini, akatazama mikono ya kila mtu, kisha akainamisha kichwa akanywa. Alikunywa sana. Alipomaliza akatia mguu mmoja wa mbele ndani ya maji, akauacha humo.

— Kesho beseni, Daktari akanong'ona. Halafu dimbwi.

— Halafu mto, akasema Umuro. Na mimi nitangulie kuingia.

Asho alikuwa ameinua kikombe kingine cha maji ya kusuuzia, mkono umeshazoea. Akasimama hivyo kidogo, kisha akageuka akayamwaga nyuma ya kibanda.

Simu ya Umuro ikalia. Alikuwa jamaa wa Kinna, akiuliza aje saa ngapi.

— Usije, ndugu yangu. Asli nitaongea naye mwenyewe. Hii mbwa naipenda.

Alisema kwa sauti, kijiwe kizima kikasikia, na hakuna aliyecheka.